Shangazi, mwanafunzi amenitambua ndani ya ndevu za Baba Krismasi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu kiraka. Sijui kama jina hilo lipo kwenye muundo wowote wa utumishi, lakini ofisini kwetu ndivyo wanavyoniita na nimeshalizoea. Kiraka wa mpira leo anacheza beki, kesho kiungo, keshokutwa anawekwa pembeni. Mimi nashika vipindi vya yeyote asiyekuwepo. Mwalimu akienda likizo ya uzazi, naitwa. Mwalimu akianguka na bodaboda akavunjika mguu, naitwa. Nina shahada ya ualimu, Hisabati na Jiografia, nilimaliza mwaka 2020, na tangu hapo nimepita shule tatu hapa Mbeya bila kuwa na meza yangu katika hata moja. Nakaa kwenye meza ya aliyeondoka. Nafungua droo nakuta biskuti zake na picha ya watoto wake, naifunga taratibu.

Sasa niko shule binafsi moja ya msingi, Ingilishi Midiamu, njia ya Uyole. Nilianza nao mwaka jana, naingia natoka. Muhula huu nimeshika Hisabati Darasa la Tatu hadi la Tano badala ya dada mmoja aliyejifungua Septemba. Tulikubaliana kwa mdomo 250,000 kwa mwezi. Ya Septemba waliituma kwa simu. Ya Oktoba na Novemba bado, na mwalimu mkuu ananiambia nisiwe na wasiwasi, shule zikifunguliwa Januari watanimalizia yote. Yule dada likizo yake imeisha, kwa hiyo wiki hii shule zikifungwa na mimi nafunga mkoba wangu.

Ndiyo maana nina kazi ya Desemba, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Kuna supamaketi mjini ambayo sikukuu ikikaribia huweka mti wa plastiki mlangoni, taa za kuwaka na kuzima, na kiti kilichofunikwa kitambaa cha rangi ya dhahabu. Kwenye kiti hicho anakaa Baba Krismasi, na Baba Krismasi ni mimi. Kuanzia tarehe 10 hadi 24, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, 15,000 kwa siku na chakula cha mchana. Napewa joho jekundu, kofia, mto wa kufunga tumboni, na ndevu ambazo sijui kabla yangu zilivaliwa na nani, ila najua alikuwa anavuta sigara. Buti hakuna, navaa gambuti zangu za shambani nimezipiga kiwi. Jioni ya tarehe 24 na siku ya 25 nazunguka kwenye nyumba za wanaoniita, 30,000 kila nyumba. Mwaka jana zilikuwa nyumba nne. Jumla nilipata 345,000, na kila senti nililipwa mkononi siku ileile.

Si kazi laini, Shangazi. Wewe unaijua mvua ya Desemba ya huku, wingu likishuka Mlima Loleza hujui limefika saa ngapi. Siku moja bajaji iliniharibikia Kabwe nikiwa bado na joho, nikalowa hadi mto wa tumboni. Rangi ikaanza kutoka, nikafika nyumbani Ilomba shingo na mikono vimekuwa vyekundu kama mtu aliyetoka machinjioni. Mama mwenye nyumba alifunga mlango wake kwanza, ndipo akauliza ni nani.

Lakini hilo halikuniuma kama la tarehe 19 mwaka jana. Kazi yangu ni pamoja na kuwaandikia watoto jina kwenye kadi ndogo na kuwapa pipi. Akaja mtoto wa Darasa la Tatu ambaye nilikuwa namfundisha, jina lake linaanza na K. Nikajikaza, nikacheka ho ho ho kwa sauti nzito, nikaandika. Sasa, K yangu ina mguu mrefu unaoburuzika chini ya herufi zinazofuata kama mkia wa mjusi. Ubaoni iko hivyo, kwenye madaftari iko hivyo. Mtoto akaitazama kadi. Akanitazama usoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, shikamoo."

Nikajibu, "Marahaba."

Ilitoka yenyewe! Nikajaribu kuirudisha. Nikamwambia hapana, mimi si mwalimu, mimi nimetoka mbali kwenye barafu. Akasema, "Lakini hii ni K yako." Nikamwambia amekosea, amefananisha. Akashusha macho, akachukua pipi akaondoka. Mama yake alikuwa anarekodi muda wote, anacheka mpaka simu inatikisika.

Ile video iliingia grupu la wazazi la WhatsApp kabla sijavua ndevu. Januari nilipoitwa tena, mwalimu mkuu aliniweka chini akasema mwenye shule hakufurahi, mwalimu hatakiwi kuwa kituko. Darasa zima lilikuwa likiniita Baba Krismasi hadi Pasaka. Na video ilisafiri mpaka Kiwira kwa mama yangu, kupitia simu ya binamu. Mama alinipigia hakunisalimu, akaniuliza: "Nimekusomesha kwa kubeba ndizi kichwani ili ukawe kinyago cha dukani?" Yeye ni mtu wa kanisa sana, kwake yule mzee mwekundu ni mambo ya dunia yaliyokuja kumfunika mtoto Yesu.

Mwaka huu supamaketi wamenipigia tena, masharti yaleyale. Na mwalimu mkuu, bila mimi kumuuliza, amesema kuna nafasi ya kudumu ya Hisabati Januari na anaweza kunipigania, "ukijiheshimu Desemba hii." Mdogo wangu wa mwisho anaingia kidato cha kwanza Januari. Ada hakuna, serikali ilishaiondoa, lakini sare, madaftari, viatu na mkoba havijaondolewa. Nadaiwa kodi ya miezi miwili.

Yule mtoto wa K sasa yuko Darasa la Nne, na bado namfundisha. Hajawahi kulitaja tena jambo lile. Akileta daftari nisahihishe, anaangalia mkono wangu unavyoandika, hasemi kitu.

Niende au nisiende? Na huyu mtoto nimwambie nini?

Ndaga fijo, asante sana, Shangazi.

Mwalimu Kiraka, Mbeya

*

Marahaba mwanangu, na kamwene pia, maana mimi ni wa Iringa na salamu ya kwetu siachi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye "marahaba" hadi chai ikanipalia. Mtu anaweza kubadilisha nguo, sauti na tumbo, lakini aliyelelewa vizuri akisalimiwa ataitika tu. Mara ya pili nilisoma na kalamu mkononi nikawa naandika tarehe pembeni ya karatasi. Naanza na tarehe hizo, kwa sababu aibu inaweza kusubiri na zenyewe haziwezi.

Unadai 500,000. Mshahara wa Oktoba ulitakiwa uwe mkononi mwako Oktoba ilipoisha. Kwa kanuni za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hii ya migogoro ya kazi tunayoiita CMA, za mwaka 2007, mgogoro wa madai kama haya unatakiwa kufikishwa kwao ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Wa kuachishwa kazi una siku 30 tu. Wewe ndiye mwalimu wa Hisabati, lakini acha nikupigie hesabu: 31 Oktoba ukiongeza siku 60 unaangukia 30 Desemba. Novemba yako inaishia 29 Januari. Sasa rudia maneno ya mwalimu mkuu: shule zikifunguliwa Januari. Sisemi kwamba amekutega. Pengine naye anasubiri ada za wazazi, shule nyingi za binafsi ndivyo zinavyopumua. Ila ukimsubiri kwa heshima zote, siku atakayokupa jibu la mwisho Oktoba yako itakuwa imeshapitwa, na utaanza kuiomba Tume ikusamehe kuchelewa na kujieleza kwa nini ulilala.

Kwa hiyo kabla hujagusa joho, andika barua. Nusu ukurasa inatosha, na isiwe ya ukali: kwamba tangu Septemba umeshika vipindi vya Hisabati Darasa la Tatu hadi la Tano kwa makubaliano ya 250,000 kwa mwezi, Septemba ulilipwa, unaomba malipo ya Oktoba na Novemba kabla ya tarehe 15 Desemba. Toa nakala mbili. Moja waache nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa na tarehe. Karani akisema muhuri umefungiwa kabatini, mwombe aandike jina na saini yake kwa kalamu. Halafu kaa na ushahidi wako pamoja: ratiba ya vipindi yenye jina lako, picha ya daftari la mahudhurio ya walimu uliposaini, na ule ujumbe wa simu wa malipo ya Septemba. Huo ujumbe usiufute hata simu ikilia kwamba imejaa. Ndio unaosema walikutambua kuwa mfanyakazi na bei yako waliijua.

Wakikwambia huna mkataba wa maandishi, usinywee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ndiye akupe maandishi yanayoonyesha kazi yako, siku uliyoanza na malipo yako. Shauri likifika mbele na yeye hana maandishi ya kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Ikifika tarehe 16 kimya, nenda ofisi ya CMA hapo Mbeya ukajaze fomu. Wakili huhitaji, utajisemea mwenyewe. Na ukiwa likizo kutoka kwenye kiti cha dhahabu siku moja kwa ajili hiyo, 15,000 uliyoikosa isikuume. Umeifuata 500,000.

Najua unachowaza. Nikidai, nafasi ya Januari imekwenda. Inawezekana. Hapo sheria haina msaada kwako, huwezi kumlazimisha mtu akuajiri. Lakini itazame hiyo nafasi kwa macho makavu. Mtu ambaye ana deni lako la miezi miwili anakuahidi miezi kumi na miwili, na sharti la ahadi ni wewe ukae Desemba nzima bila kipato ili yeye aone umejiheshimu. Samaki wa Ziwa Nyasa anavuliwa kwa chambo kidogo kuliko hicho. Miaka minne, mitano umekuwa ukikaa kwenye meza za watu, na nahisi kila mara kulikuwa na nafasi ya Januari. Sijakosea, sivyo?

Nenda kamuulize ana kwa ana, kwa adabu: Mwalimu, hiyo nafasi imetangazwa? Mshahara wake ni kiasi gani, na mkataba unasainiwa lini? Akiwa na majibu, basi ni nafasi ya kweli na inafaa kuongelewa. Akianza kuzungumzia heshima tena, umeshajua. Na huku ukisubiri, akaunti yako ya Ajira Portal, ule mfumo wa kuombea kazi za serikali, iwe imesasishwa, vyeti vimepakiwa, namba ya NIDA imeingia sawasawa. Walimu siku hizi wanaitwa kwenye usaili kupitia Sekretarieti ya Ajira, na kila mwaka nasikia wanaokosa kwa sababu ya cheti kilichopakiwa kichwa chini miguu juu. Usiwe mmoja wao.

Swali lako la kwenda au kutokwenda: nenda. Sioni hata cha kujadili. Shule itakuwa imefungwa, saa ni zako, kazi ni ya mchana kweupe mbele ya wazazi, na malipo yanatoka jioni. Kati ya waajiri wako wawili, yule wa ndevu za bandia humdai kitu. Kama mwenye shule anaona ni kituko, muulize mwalimu mkuu ni kanuni ipi ya shule inayokataza, akuonyeshe ilipoandikwa.

Ila nampa mwalimu mkuu haki yake katika jambo moja. Darasa kukuita Baba Krismasi hadi Pasaka ni usumbufu, na hilo uliliacha wewe. Ulipaswa kulimaliza siku ya kwanza ya muhula kwa dakika tano. Uingie, uandike ubaoni: Baba Krismasi ana pipi 144, watoto ni 36, alikula nne mwenyewe kwa siri, kila mtoto anapata ngapi na zinabaki ngapi? Wacheke wamalize, wagawanye, ukasahihishe. Jina la utani likishapigiwa mahesabu na kuwekewa alama linachuja.

Mama yako naye. Hapo naomba uende kwa miguu yako mwenyewe hadi Kiwira, usimalize kwa simu, na usiende mikono mitupu. Mama aliyebeba ndizi kichwani kukusomesha ana haki ya kukasirika, na wala hajakosea sana. Yule mzee mnene wa joho jekundu kweli ni mtu wa biashara. Mchoraji Thomas Nast alianza kumchora kwenye magazeti ya Marekani mwaka 1863, na mwaka 1931 Haddon Sundblom akamchora kwa ajili ya matangazo ya Coca-Cola, akawa mzee yule yule tunayemwona leo kila mlango wa duka. Hapo mkubalie mama.

Lakini umwambie pia alikotoka kabla ya maduka. Alikuwa askofu, jina lake Nikolao, wa mji wa Mira ambao leo unaitwa Demre nchini Uturuki, karne ya nne. Makanisa mengi yanamkumbuka tarehe 6 Desemba. Simulizi yake maarufu ni ya baba mmoja fukara mwenye mabinti watatu. Kule mahari ilikuwa inatoka upande wa binti, na yeye hakuwa nayo, mabinti wakawa hatarini kuuzwa. Askofu akapita usiku akawatupia dhahabu dirishani, wa kwanza, wa pili, na wa tatu, na aliondoka gizani kwa sababu hakutaka aonekane. Mama akiisikia hiyo na akiwa ndiye mama ninayemdhania, ataniunga mkono kabla hujamaliza mabinti wawili. Kisha mwonyeshe sare ya mdogo wako ya kidato cha kwanza na umwambie imetokana na nini. Ukienda na vyote viwili, askofu na sare, utalala kwake na utapikiwa.

Na kama kuna anayekucheka ofisini kwamba ni kazi ya wasiosoma, mwambie Marekani wana shule yake kabisa. Mtu anayeitwa Charles Howard aliianzisha mwaka 1937, sasa iko mji wa Midland, jimbo la Michigan. Watu wazima wanakwenda kujifunza namna ya kukaa na mtoto anayeogopa. Wewe hilo umelisomea ualimuni. Usimpakate mtoto anayelia ili mama yake apate picha. Mtoto asimame pembeni ya kiti, mama awe karibu, mikono yako ionekane muda wote. Ukikuta mtoto kaganda, shuka kwenye kiti, chuchumaa uwe chini yake, mwache yeye ndiye akusogelee. Kwenye zile nyumba za tarehe 25, usiingie chumba chochote ambacho mzazi hayumo. Hilo ni kwa usalama wa mtoto na wa jina lako pia, maana video moja umeshaiona ilivyo na mbio.

Na usikubali masharti yaleyale. Mwaka jana ulikuwa mgeni, mwaka huu ni wao waliokupigia. Omba 20,000. Wakikataa, omba joho lisilochuja rangi, nauli ya bajaji ya kurudi jioni, na mapumziko ya robo saa kila baada ya saa mbili, maana kukaa saa nane ndani ya mto wa tumbo si mchezo hata kwa baridi ya Mbeya. Ziwekwe kwenye karatasi, tarehe na kiasi. Najua wanalipa vizuri, lakini nimechoka kusoma barua za watu wenye kazi mbili na karatasi sifuri.

Sasa mtoto wa K. Nimemweka mwisho kwa sababu ndiye niliyemfikiria zaidi.

Utotoni kwetu Iringa, Krismasi ilikuwa wali, gauni jipya lililokatwa kubwa makusudi ili livaliwe hadi Krismasi nyingine, na kupita nyumba kwa nyumba tukidai "sikukuu yetu" mpaka mtu anachoka anatoa senti. Baba Krismasi tulimjua kwenye kadi tu. Na leo sidhani kama imebadilika sana. Hakuna mtoto wa Ilomba wala Mwanjelwa anayelala akisubiri mzee ashuke na magunia kupitia dohani, nyumba zenyewe nyingi hazina dohani. Mtoto wako hakuja kwenye kiti kile akiamini kitu ambacho ukweli ungemvunjia. Alikuja kuona mchezo, akaona mwandiko, akafanya kile mlichomfundisha miaka mitatu: tazama, linganisha, sema ulichopata. Akapata. Na mwalimu wake wa Hisabati akamwekea kosa kwenye jibu la vema.

Hiyo ndiyo inayomfanya aangalie mkono wako. Anahakiki. Kila K unayoandika kwenye daftari lake inamwambia alikuwa sahihi, na wewe ulimwambia amefananisha, sasa hajui amwamini nani, macho yake au mwalimu.

Shule hazijafungwa bado, una siku chache. Usimwite ofisini, atadhani ana kosa. Msubiri alete daftari kama kawaida. Sahihisha, kisha mwambie kwa sauti ya kumtosha yeye peke yake: "Ile K mwaka jana ilikuwa yangu. Wewe ulipata, mimi ndiye niliyekosea kukukatalia. Nisamehe." Usiongeze hotuba. Usimwambie sababu za kazi, wala kodi, wala mwenye shule, hayo si mizigo ya Darasa la Nne. Akikuuliza kwa nini ulivaa vile, mwambie ni igizo, na kwamba watu wazima wakiigiza hulipwa. Watoto hilo wanalielewa upesi kuliko mwenye shule wako.

Halafu ukitaka kumfurahisha, mwambie mwaka huu pia utakuwepo pale mlangoni, na akija mbele za watu asikuite mwalimu hadi mtakapomaliza picha. Awe ndiye mtoto mmoja mjini anayejua. Kadi yake uiandike kwa mwandiko wako uleule, K na mkia wake, usiifiche.

Barua ya madai iende kesho, mtoto kabla shule hazijafungwa, Kiwira wikiendi. Na zile ndevu, mwanangu, zioshe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, uzianike mara mbili kabla ya tarehe 10. Sigara ya mtu mwingine haikuhusu.

Shangazi